EMI ilikwenda wapi?

Ndugu yangu, umeuliza EMI, ile kampuni ya muziki ya Uingereza, ilipotelea wapi, na kwa nini santuri za Beatles sasa zina jina la kampuni nyingine, Universal. Anza na yule mbwa anayesikiliza gramafoni, pale katikati ya santuri ya zamani. Ni nembo ya HMV (His Master's Voice), mali ya Gramophone Company ya London, haohao waliomrekodi Siti binti Saad wetu kule Bombay mwaka 1928. Mwaka 1931 waliungana na Columbia Graphophone, ikazaliwa EMI, na studio za Abbey Road zikafunguliwa mwaka huohuo.

Baadaye wakanunua lebo za Capitol ya Marekani (1955) na Virgin (1992).

Balaa lilianza 2007. Kampuni ya uwekezaji, Terra Firma, iliinunua kwa pauni bilioni 4.2, nyingi zikiwa za mkopo wa benki ya Citigroup. Wakati huo CD hazinunuliki tena kama zamani, bendi ya Radiohead imeshaondoka, na deni liko palepale. Februari 2011 benki ikaichukua. Inaniuma sana: kampuni yenye hazina ile iliangushwa na deni, si kwa kukosa muziki.

Mwaka 2012 Universal ikanunua rekodi za EMI. Haki za utunzi zikaenda kwa kundi lililoongozwa na Sony. Tume ya Ulaya ikailazimisha Universal iuze Parlophone, lebo iliyotoa santuri za Beatles, na kampuni ya Warner ikaichukua 2013. Lakini rekodi za Beatles hazikuwemo kwenye mauzo hayo. Ndiyo maana lebo yao ya zamani iko Warner, nyimbo zao ziko Universal.