Afande kaomba mswaki wa kaka yangu, ndo kakata tamaa?

SWALI: Dada mhariri, habari za kazi. Kaka yangu alitoka nyumbani asubuhi kama kawaida yake, hajarudi mpaka leo na ni miezi sasa. Afande aliyepewa faili letu ni mpole kweli, kila wiki anapiga simu mwenyewe hata kama hana jipya, ila kuna vitu vinanichanganya. Siku ya kwanza alipekua nyumba nzima mpaka darini na chini ya vitanda wakati tulishamwambia kaka hayupo. Juzi tena kaja anaomba mswaki wa kaka na kitana chake, halafu kamchukua mama mate na kipamba. Mama kalia usiku kucha, anasema ukiona hivyo ujue wanatafuta maiti. Tumwamini huyu mtu au anatuandaa tu? – Dada mtu

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na umpe mama pole zangu. Mwaminini, kwa maelezo yako huyo afande anaijua kazi yake na ana utu.

Tuanze na mswaki maana ndo umemliza mama. Kwenye mswaki kuna mate, kwenye kitana kuna nywele zenye mizizi, humo inatoka DNA ya kaka yako mwenyewe, na ya mama inachukuliwa kwa sababu nusu ya DNA ya mtu inatoka kwa mama yake. Ni kweli inatumika kutambua miili, sitakuficha, ila inamtambua pia aliye hai ambaye hawezi kujitaja, mfano mgonjwa aliyelazwa hajitambui na hana kitambulisho. Na ikilinganishwa na mwili uliookotwa mahali ikaonekana siye, basi mama anaepushwa kuitwa kuangalia maiti ya mtoto wa mwenzie, hilo nalo ni jambo kubwa jamani. Kama kaka alivuka mpaka, Interpol, yani shirika la polisi la kimataifa, wana mfumo unaitwa I-Familia, ulianza 2021, unalinganisha DNA ya ndugu wa nchi moja na miili isiyojulikana iliyopatikana nchi nyingine, na wana pia ilani ya njano ya kutafuta watu waliopotea. Kwa hiyo afande akiomba mswaki ujue anapanua msako, hafungi faili.

Kupekua nyumba hakukuwa kuwashuku nyie. Mpelelezi mzuri anaanzia pale mtu alipoonekana mwisho, na kuna watoto wametafutwa mtaa mzima kumbe wamejificha kabatini wakapitiwa na usingizi. Kwa mtu mzima anaangalia kingine: simu na chaja kaacha? Dawa zake je? Nguo zimepungua? Aliyebeba chaja na dawa huenda alipanga safari, aliyeacha vyote huyo anatafutwa kwa haraka zaidi na kwa njia nyingine kabisa.

Halafu hizo simu za kila wiki. Pauline Boss, mtafiti wa Marekani, alianza miaka ya 1970 kuandika kuhusu msiba usio na mwisho unaojulikana, yani huwezi kuomboleza na huwezi kutulia. Familia ikikaa kimya kirefu inaanza kujaza yenyewe yale isiyoyajua, na mara nyingi inajaza mabaya. Kumpigia mama wa mtu ukiwa na habari njema kila askari anaweza, huyu anapiga akiwa mikono mitupu na anajua ataulizwa swali lile lile, mimi namheshimu sana kwa hilo.

Mpeni picha ya karibuni inayoonyesha uso vizuri na meno kama ipo, mtajieni kovu, tatuu, jino lililong'oka. Na akipiga mtu usiyemjua anasema kaka yuko kwake tumeni hela kwanza, msitume hata senti, namba hiyo iende kwa afande siku hiyo hiyo. Wanaosoma hapa nao wasikie, hii habari ya kusubiri saa 24 ndo uende polisi achaneni nayo, nenda ukishaona hali si ya kawaida, maana kamera za mitaani hurekodi juu ya picha za zamani na saa za mwanzo ndo zenye ushahidi.

SWALI: Sisi wetu kapatikana, afande kasema yu hai na mzima ila kagoma kutuambia yuko wapi! Ni haki kweli? – Baba mzazi

JIBU: Shikamoo baba. Inauma, najua. Mtu mzima mwenye akili timamu ambaye hana kosa ana haki ya kuondoka na kukata mawasiliano, na sehemu nyingi polisi wakimpata wanaruhusiwa kuwaambia ndugu kwamba yuko salama, basi, anwani mpaka mwenyewe akubali. Pengine alikimbia kitu ambacho nyie nyumbani hamkijui. Ila unaweza kumwomba afande ampelekee barua, wengi hukubali. Andika fupi baba, usimlaumu wala usimwamuru arudi, weka namba yako ya simu tu.