Ndege Mweupe Ufukweni, na Maswali Mengine

Barua zenu za maswali ya ndege zimerundikana. Mwezi Machi wote nilikuwa Eilat, Israel, kule juu kabisa ambako Ghuba ya Akaba inaishia jangwani, nikishika ndege na kuwavisha pete. Niliporudi nikakuta nusu ya maswali ni lile la ndege mweupe. Nitalijibu, ila halitakuwa la kwanza.

Shikamoo Mwalimu. Ndege hao wanaosafiri tunao hapa tangu Oktoba. Kwa nini upande ndege ya bati kuwafuata jangwani? (Mwalimu wa sekondari, Mikindani)

Marahaba. Swali lina kijembe, na nimelipenda. Hapa kwetu wametawanyika. Kindege cha gramu tisa kinachodonoa wadudu kwenye mikorosho unaweza kupita chini yake msimu mzima usikione, na hata ukikiona hujui kimetoka wapi. Kule njia inabanana. Kuanzia Februari hadi Mei ndege wanarudi kaskazini kuzaliana. Wamevuka Sahara, wamevuka Sinai, chini yao ni mawe matupu, halafu mara moja linatokea bonde lenye vichaka na maji. Karibu kila mwenye njaa anashuka palepale.

Wakubwa, yaani korongo na tai, hao hawana hata hiari. Wanapaa kwa kubebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini. Baharini hewa hiyo haipandi, kwa hiyo wanaikwepa bahari na kupita nchi kavu, au wanatafuta mahali maji ni membamba: Sinai, Bab-el-Mandeb, Gibraltar. Makadirio yanayotajwa ni ndege milioni 500 kupita anga ya Israel kila msimu wa safari. Mimi sikuwahesabu. Nilichokiona ni tai wa nyika wakipita mmoja mmoja juu ya mlima, kama abiria wanaoshuka pantoni, na chai yangu ikapoa mkononi.

Kazi yenyewe haina uzuri wa picha. Alfajiri kabla jua halijatoka unafungua nyavu nyembamba kama unywele, unazipitia kila nusu saa, unamnasua ndege kwa ncha za vidole na kumtia kwenye mfuko wa kitambaa. Mezani anavishwa pete ya alumini yenye namba. Kwa vindege vidogo pete haifiki hata sehemu moja ya kumi ya gramu. Anapimwa bawa, anatumbukizwa kichwa chini ndani ya kikopo cha filamu za kamera za zamani, anawekwa kwenye mizani. Halafu unampuliza kifuani manyoya yagawanyike, utazame mafuta. Ngozi yao inapitisha mwanga, na mafuta yanaonekana ya manjano kama samli. Kabla ya kuvuka jangwa wapo wanaonenepa hadi kukaribia maradufu ya uzito wao. Waliotufikia sisi wengi walikuwa wameyamaliza, kifua kimechongoka kama mkuku wa ngalawa. Siku ya tatu mmoja alinichopoka kabla sijaisoma namba yake. Mwenyeji wangu hakusema neno, akanionyesha kwa kidole sufuria za kuosha.

Na usidhani kituo kile ni bustani ya asili. Palikuwa dampo la mji. Waliifukia taka, wakaleta maji, wakapanda vichaka. Sisi Mikindani tuna mikoko iliyoota yenyewe, na wewe unapajua kuliko mimi pale watu wanapomwaga taka nyuma yake.

Nina kokoro la zamani halina kazi. Naweza kulitumia kuvisha ndege pete? (Kijana, Sudi)

Hapana. Kokoro hata kwa samaki ni haramu. Kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mvishaji pete hufundishwa chini ya mkono wa mwingine kwa misimu kadhaa kabla ya kuachiwa koleo la kubania pete. Choma hilo kokoro.

Mwalimu, nimeokota ndege amekufa pwani, mguuni ana pete yenye maandishi ya kigeni. Wenzangu wanasema ni jasusi, tuitupe. Tufanyeje? (Mvuvi, Msimbati)

Msiitupe! Andika kila herufi na kila tarakimu, hata zile ndogo, kisha piga picha pete pande zote. Andika tarehe, mahali, na hali ya ndege: kafa leo, kaoza, kanaswa wavuni. Ndani ya maandishi hayo kuna anwani au jina la nchi. Peleka taarifa huko, au wape maofisa wa hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay hapo jirani yenu wakusaidie kuipeleka. Ndege akiwa hai, soma pete na umwachie nayo. Wapo wanaoivua wakaniletea mimi niitazame. Ukiivua mguuni mwa ndege aliye hai umefuta maisha yake yote daftarini.

Hesabu ni hii: katika kila vindege vidogo mia vinavyovishwa pete, havifiki kimoja kinachopatikana tena mbali. Kazi hii ilianzishwa mwaka 1899 na mwalimu wa Denmark, Mortensen, kwa kuwavisha kwezi wa mjini kwake pete zenye anwani. Mwaka 1911 Mwingereza mmoja akamvisha mbayuwayu nyumbani kwake, na Desemba 1912 mbayuwayu yuleyule akaokotwa Natal, Afrika Kusini. Kabla ya hapo watu wazima wenye elimu zao walikuwa bado wanabishana mbayuwayu huenda wapi. Kilichomaliza ubishi ni mtu wa Natal kutuma barua.

Kuhusu ujasusi, wenzako si wa kwanza. Mwaka 2013 huko Qena, Misri, korongo aliwekwa chini ya ulinzi wa polisi kwa sababu ya kifaa mgongoni. Kilikuwa kifaa cha watafiti wa wanyama. Akaachiwa huru, na muda si mrefu watu wakamla.

Ni kweli vindege vidogo hupanda mgongoni kwa korongo ili kuvuka bahari? (Mwanafunzi, Masasi)

Si kweli. Mbayuwayu haombi lifti.

Kila mwaka mvua za kwanza zikinyesha, mwewe wadogo wanakuja makundi kwa makundi. Nawaogopea vifaranga vyangu. Kuna dawa ya kuwafukuza? (Mkulima wa korosho, Newala)

Dawa ya nini, mama? Tazama wanakamata nini. Mvua ya kwanza inatoa kumbikumbi, na wageni wako wamekuja kwa ajili ya kumbikumbi. Kama dume ni wa kijivu kilichokolea, miguu ya rangi ya chungwa, na mapaja mekundu ya udongo, huyo ni kozi wa Amur. Uzito wake ni kama wa njiwa mdogo. Anazaliana Siberia ya mashariki, Mongolia na kaskazini ya China, anapumzika India, kisha anaikata Bahari ya Hindi bila kutua, zaidi ya kilomita elfu tatu, huku kaskazi ikimsukuma kama ilivyosukuma majahazi. Kifaranga chako hana haja nacho. Anayekula vifaranga vyako ni yule mwewe unayemwona mwaka mzima, na pengine paka wa jirani.

Nikuambie jambo hukuuliza. Mwaka 2012 kwenye bwawa la Doyang, Nagaland, India, kozi hawa walinaswa kwa makumi ya maelfu, kwa nyavu za samaki zilizotundikwa usiku. Picha zikaenea, wanakijiji wakakaa kikao, na msimu uliofuata nyavu hazikutundikwa. Wanakijiji haohao, bwawa lilelile. Kijana wa Sudi mwenye kokoro asome hapa pia.

Usiku wa mvua Novemba ndege alijigonga barazani penye taa. Kijani mgongoni, tumbo jekundu, mabawani madoadoa ya buluu yanayong'aa. Jirani kasema ni wa kutumwa. (Mama, Lindi mjini)

Katumwa na mvua. Huyo ni pita wa Afrika, na wenye darubini hupanda ndege kutoka mbali kumtafuta, wakarudi bila kumwona, wewe kakuangukia barazani. Yeye haendi Ulaya. Anakuja kusini ya Tanzania kuzaliana kwenye vichaka na misitu yetu, mvua zikiisha anarudi upande wa ikweta, na safari yake ni ya usiku. Taa kali humpumbaza, hasa pakiwa na mawingu na hakuna mwezi. Kule Ngulia, Tsavo, Kenya, tangu mwaka 1969 wanavisha pete ndege wa usiku kwa njia hiyohiyo: ukungu, taa za hoteli, na nyavu. Pale mtaalamu yupo anawapokea. Kwako yupo paka.

Akijigonga tena, mtie kwenye boksi lenye matundu, gizani, bila maji wala wali, umwachie alfajiri. Na ile taa ya barazani, mama, inamulika nani saa nane usiku?

Nimemwona ndege mweupe ufukweni. Anaitwaje? (Wasomaji kumi na moja)

Yangeyange. Au shakwe. Au membe. Au kuku wa mtu. Sijui ukubwa, sijui mdomo, sijui miguu, sijui mwezi wala saa, wala maji yalikuwa yamekupwa au yamejaa. Nimeandika haya mara ngapi? Someni barua inayofuata. Mwandishi wake hana darubini, ila ana macho.

Kuna ndege mweupe, mgongo mweusi, mdomo mweusi mnene kama wa kupasulia, miguu mirefu ya kijivu. Maji yakitoka anakamata kaa. Wapo wa kijivu wanaowafuata wakubwa na kuombaomba. Wanafika kusi haijaisha, wanaondoka masika. Viota vyao sijaviona hata kimoja. Wanazalia wapi? (Mvuvi, Msanga Mkuu)

Mmeona jinsi ya kuuliza? Huyo ni mla-kaa, na viota hutaviona kwa sababu viko kwenye mchanga wa jangwa, pwani za Uarabuni, Iran na Bahari ya Shamu. Wanachimba mashimo kama panya, kundi zima pamoja. Ndani jike hutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga linalisaidia kuatamia. Kinda akianguliwa hawezi kutembea, analetewa kaa shimoni. Karibu jamii yote ya vitwitwi watoto wao hukimbia siku ileile. Huyu hulelewa shimoni. Hao wa kijivu wanaoombaomba mbele yako ni watoto wa mwaka huo, wameletwa hadi Mtwara na bado wanataka kulishwa.

Sasa hesabu miezi. Agosti hadi Machi au Aprili wako kwako. Jangwani wako miezi minne hivi. Halafu mtu ananiambia hao ni ndege wa Waarabu, au wa wazungu, wenyewe wawatunze. Pete nimewavisha ndege kule kwa mikono yangu, lakini chakula kinachowafikisha kule kinaliwa hapa, kwenye tope lenu. Ukikata mikoko, tope linachukuliwa na maji. Ukipiga baruti, huna samaki wala kaa. Eneo la Mnazi Bay limetangazwa hifadhi tangu mwaka 2000, na kaa hasomi matangazo.

Mwalimu, nije lini niwaone wakiwa wengi? (Muuguzi, Mtwara mjini)

Siku za bamvua, maji yanapopanda kupita kawaida, saa mbili kabla maji hayajajaa kabisa. Maji yakipanda yanawasukuma wote kwenye fungu moja la mchanga, unawahesabu umekaa. Kaa mbali, chini, na jua liwe mgongoni kwako. Usivae nyeupe, na mbwa abaki nyumbani.