Ukitapika hadi maji, usikubali kuambiwa unadeka

Juzi usiku dada mmoja kaniandikia. Ana mimba ya wiki tisa, siku ya tatu hajameza kitu kikakaa tumboni. Kamwambia mama mkwe, akajibiwa: "Mimba siyo ugonjwa. Sisi tulizaa saba na shamba tulilima." Nilikaa kitako kitandani nikausoma ujumbe ule mara mbili. Maneno hayohayo niliambiwa mimi na mama mkwe wangu mwaka 2017, na mpaka leo yananiuma.

Tulikuwa tumepanga chumba Mbagala, nyumba ya vyumba sita na korido moja. Ilianza wiki ya sita. Jirani akikaanga vitunguu tu, mimi nimeshaliinamia beseni. Dagaa, sabuni ya unga, hata mafuta aliyojipaka mume wangu, vyote vilinitoa matumbo. Mate yalijaa mdomoni kutwa, nikawa natembea na kopo la kutemea. Kila aliyekuja alikuja na tangawizi. Tangawizi humsaidia mwenye kichefuchefu cha kawaida, sikatai, lakini mimi ilirudi na moto wake, ikanichubua koo. Chakula kilipoisha tumboni nilitapika nyongo ya kijani, nyongo ilipoisha nikatapika michirizi ya damu.

Zahanati ya kwanza walinipima malaria, hamna, nikarudishwa nyumbani na vidonge ambavyo navyo nilivitapika. Nilivyorudi wiki iliyofuata, nesi akasema mbele ya foleni nzima: "Wewe mimba ya kwanza, unadeka." Nililia njia nzima ndani ya daladala. Sikurudi tena kwa siku tisa, kwa aibu. Hilo ndilo kosa langu, na ndilo linalonifanya niandike haya.

Siku ya kumi nilianguka bombani nikichota maji. Hospitali nilikopelekwa, daktari hakuniuliza nimetapika mara ngapi. Alinipandisha kwenye mzani, akafungua kadi ya kliniki: kilo 61 zilikuwa zimekuwa 54. Mkojo wangu ulikuwa mweusi kama chai ya rangi, wakapima wakakuta ketoni, yaani mwili umekosa chakula umeanza kuunguza mafuta yake wenyewe. Nikawekewa dripu. Kabla ya maji ya glukosi nilichomwa sindano ya vitamini B1, kwani aliyetapika wiki nyingi akipewa sukari bila vitamini hiyo ubongo unaweza kuumia. Nililazwa siku nne. Siku ya pili nilikula nusu ndizi, ikakaa. Niliishika ile nusu nyingine mkononi mpaka nikalala nayo.

Ndugu yangu, huku siyo kudeka. Mke wa Prince William wa Uingereza, mwanamke asiyekosa mpishi wala mtumishi, alilazwa kwa ugonjwa huu wa kutapika kupita kiasi kwenye mimba (kitaalamu hyperemesis gravidarum) Desemba 2012, na ukamrudia mimba zote tatu. Mwishoni mwa 2023 watafiti walitangaza kwamba chanzo kikubwa ni homoni iitwayo GDF15, inayomwagwa na kondo la nyuma kwenye damu ya mama. Mwanamke ambaye kabla ya mimba alikuwa nayo kidogo, mwili wake haujaizoea, ndiye anayepigwa vibaya zaidi. Sasa mtu atajikaza vipi dhidi ya damu yake?

Kwa hiyo jipime uzito. Ukiwa na kilo 60 na zimepotea 3, usingoje, nenda. Angalia mkojo: ukiwa mweusi, au umepitisha muda wa masaa manane bila kukojoa, nenda usiku huohuo. Dawa za kuzuia kutapika ambazo wajawazito hupewa zipo, ila achague daktari, usinunue kwa kusikia kwa shoga. Vidonge vya kuongeza damu vikikuzidishia, mwambie nesi, usivitupe kimyakimya. Maji usinywe kwa kikombe. Mimi nililamba ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya pakiti, kijiko kimoja kimoja kila baada ya dakika chache, na barafu za ukwaju za jirani ndizo zilizonishikilia mchana. Na ukienda hospitali nenda na mtu wa kukusemea, maana wewe huna sauti. Mkikuta wa kukufokea, hamieni kwingine, lakini msirudi nyumbani.

Wengi hupata nafuu kufikia wiki ya 20. Mimi ilipungua wiki ya 18, harufu ya vitunguu ikanisumbua mpaka siku ya kujifungua. Binti yangu alizaliwa na kilo 2.9, leo anasoma shule ya msingi na anapenda dagaa kuliko nyama. Mama mkwe humbeba kwa mapenzi yote. Neno lile hajawahi kulirudisha, nami sijamuuliza.

Dada yule nilimjibu usiku uleule, nikamwambia amwamshe mume wake waende. Leo asubuhi kaniandikia kutoka wodini. Yuko chupa ya tatu, na amekojoa mara mbili.