Maswali ya Wasomaji: Mishipa ya Ubongo na Jaribio la Pumzi

SWALI: Mwanangu ana miaka 6 na ana selimundu. Amepimwa kichwa kwa altrasaundi mjini Dodoma, karatasi imeandikwa 184. Nimeambiwa nirudi tena. Je, ubongo wake una ugonjwa? – *Mama, Kongwa*

JIBU: Pole mama, na hongera kwa kufuatilia. Namba hiyo si jina la ugonjwa. Ni kasi ya damu katika mshipa mkubwa wa ubongo, kwa sentimita kwa sekunde. Kifaa huwekwa panjani, kati ya jicho na sikio, kwa sababu hapo mfupa ni mwembamba na sauti ya megahezi 2 inaweza kupenya. Hakuna sindano wala mionzi, na nywele hazinyolewi.

Kwa watoto wenye selimundu, chini ya 170 ni kawaida, 170 hadi 199 ni eneo la kuangaliwa kwa karibu, na 200 au zaidi ni hatari ya kiharusi. Kasi hupanda kwa sababu mbili: damu ikiwa pungufu moyo huisukuma kwa wingi, na mshipa ukianza kuwa mwembamba damu hulazimika kupita kwa kasi. Kwa 184, kipimo hurudiwa ndani ya miezi 3 hadi 6, si mwaka mzima kama kwa watoto wengine wa umri wa miaka 2 hadi 16. Muulize daktari kuhusu haidroksiyurea, dawa ya selimundu, kama mtoto bado hajaianza. Ikifika 200 na kuthibitishwa kwa kipimo cha pili, usikubali kusubiri. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa kuongezewa damu mara kwa mara kwa watoto wa kundi hilo kulipunguza kiharusi cha kwanza kwa asilimia 92.

Siku ya kurudia, mtoto awe macho na ametulia. Asipewe dawa ya usingizi. Akisinzia, hewa ukaa hupanda katika damu, mishipa hutanuka na kasi hupanda pamoja nayo. Akilia anapumua haraka, na namba inayumba. Kama ana homa au ameongezewa damu karibuni, sema kabla ya kupimwa. Uliza pia kama mashine ilikuwa ya altrasaundi yenye picha, kwa kuwa hiyo husoma chini kidogo, na 184 yake inaweza kuwa nzito kuliko inavyoonekana.

Ukiona mdomo umepinda, mkono au mguu umelegea, au maneno hayatoki, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

SWALI: Tunapima mwitikio wa mishipa ya ubongo, yaani inavyotanuka hewa ukaa ikiongezeka, kwa MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili) kwa kumwambia mgonjwa abane pumzi. Mgonjwa yuleyule akirudi baada ya wiki, ramani ya pili ya mwitikio huo hailingani na ya kwanza. Mashine imekaguliwa na haina kasoro. Tatizo liko wapi? – *Mtaalamu wa mionzi, Dodoma*

JIBU: Angalieni pumzi kabla ya kuishuku sumaku. Mtu akibana pumzi, hewa ukaa hujikusanya katika damu, mishipa midogo hutanuka, na damu inayopita ubongoni huongezeka kwa takriban asilimia 3 hadi 4 kwa kila milimita 1 ya zebaki ambayo shinikizo la hewa ukaa limepanda. Hewa ukaa ndiyo dozi yenu. Leo amebana sekunde 18 kamili, wiki ijayo ameiba pumzi sekunde ya 10: mishipa ni ileile, dozi ni tofauti. Kwa maoni yetu, ramani isiyoambatana na kipimo cha hewa ukaa isitumike kumwamulia mgonjwa jambo lolote.

Fanyeni mazoezi nje ya chumba cha sumaku. Wengi wakiambiwa wabane pumzi huvuta hewa hadi kifua kijae. Shinikizo la kifuani hubadilika, damu inayorudi moyoni hupungua, na ishara ya MRI hushuka kwanza kabla ya kupanda. Mwelekezeni atoe pumzi taratibu, ndipo abane, sekunde 15 hadi 20. Akimaliza, atoe tena pumzi kidogo *kabla* ya kuvuta. Hapa ndipo vipimo vingi hupotea: kiu ya hewa humfanya avute mara moja, na pumzi ile ndogo, ambayo ndiyo inayoonyesha hewa ukaa ilifika wapi, haipatikani. Apumue kawaida kwa sekunde 30 hadi 40, kisha arudie, mara 5 au 6 kwa jumla.

Kapnografu (kifaa kinachopima hewa ukaa kwenye pumzi) ya chumba cha upasuaji inafaa, ila ibaki chumba cha kuendeshea mashine, na mpira wa sampuli upitishwe kwenye tundu maalumu la ukutani. Kumbukeni mpira huo unachelewesha. Wenye kipenyo cha ndani cha milimita 1.5 na urefu wa mita 6 hubeba karibu mililita 10.6. Kapnografu ikivuta mililita 150 kwa dakika, hewa inafika ikiwa imechelewa zaidi ya sekunde 4. Msipousogeza mchoro wa hewa ukaa kwa muda huo, na kwa sekunde ambazo damu hutumia kutoka mapafuni hadi ubongoni, hata mshipa wenye afya utaonekana mvivu.

Ishara yenyewe ni ndogo, asilimia chache tu hata kwenye sumaku yenye nguvu ya Tesla 3, kwa hiyo kichwa kikitikisika pumzi inapoachiwa kinaharibu kila kitu. Jazeni sponji pande zote. Chai kali na kahawa zisinywewe kabla ya kipimo, maana kafeini hubana mishipa ya ubongo. Na mkiona sehemu ambayo ishara inashuka wakati kwingine inapanda, msiifute mkidhani ni uchafu wa picha: huenda mishipa ya hapo imeshatanuka hadi mwisho wake na damu inavutwa na mishipa ya jirani.

Mwenye shinikizo kubwa ndani ya fuvu, au ugonjwa mkali wa mapafu au moyo, asifanyiwe jaribio hili.

SWALI: Badala ya kubana pumzi, sisi tunatumia hewa iliyochanganywa hewa ukaa asilimia 5. Tumefuata mwongozo neno kwa neno, lakini watu wote tuliowapima, hata wenye afya, wanaonekana kuitika kidogo. – *Mwanafunzi wa udaktari, Dodoma*

JIBU: Tunashuku mmebadilisha asilimia kuwa milimita za zebaki kwa kutumia shinikizo la hewa la 760. Hiyo ni ya usawa wa bahari. Dodoma iko mita 1,100 na ushei juu, na shinikizo la hewa hapa ni karibu 665. Toeni 47 za mvuke wa maji, zinabaki 618. Kwa hiyo hewa ukaa ikipanda kutoka asilimia 5.5 hadi 7, ongezeko la kweli ni milimita 9.3. Kwa hesabu ya pwani (760 kutoa 47, yaani 713) mtaandika 10.7. Mmegawanya mwitikio kwa dozi iliyokuzwa, na kila mtu ameshuka kwa karibu asilimia 13.

Msichukue shinikizo la taarifa ya hali ya hewa kwenye simu. Kwa kawaida hilo limerekebishwa hadi usawa wa bahari, na litawarudisha kwenye kosa lilelile. Tumieni barometa iliyo chumbani, na muandike usomaji wake kwenye fomu kila siku ya kipimo. Angalieni pia kapnografu yenu: kama inaonyesha milimita za zebaki na hurekebisha shinikizo la mahali yenyewe, msibadilishe mara ya pili.

Data mlizokwisha kukusanya hazijapotea. Kama asilimia zenyewe mlizihifadhi, hesabuni upya kwa 618 badala ya 713, na picha hazihitaji kurudiwa.