Ukiomba fedha za utafiti wa mwanga na macho ya wazee, anza na kipimo

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia kwa hasira. Andiko lake la kuomba fedha za utafiti kuhusu mwanga wa dirishani na usingizi wa wazee limerudishwa na wakfu mmoja wa Ulaya kwa maelezo mafupi: vipimo vya mwanga havitoshi. Anaona ameonewa. Nimelisoma andiko lenyewe, na hakuonewa.

Wafadhili wa eneo hili ni wachache na kila mmoja ana lake. Velux Stiftung ya Zurich hufadhili utafiti wa mwanga wa mchana, wa kuzeeka kwa afya na wa macho. BrightFocus ya Marekani ina fungu la presha ya macho na fungu la kuharibika uzeeni kwa kitovu cha retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Andiko la huyu ukimpelekea yule, umepoteza muda wako na wake.

Turudi kwenye vipimo. Andiko la msomaji wangu linasema chumba kina "luksi 500", luksi ikiwa kizio cha mwanga unaofika mahali. Zimepimwa wapi? Juu ya meza, kipima mwanga kikiangalia dari. Mzee aliyekaa kitini haangalii dari. Kisimamishe kipima mwanga wima, usawa wa macho yake, na luksi 500 zile zinaweza kushuka hadi 200. Kisha kuna rangi ya taa. Seli za retina zinazoendesha saa ya mwili huitikia zaidi mwanga wa buluu wa karibu nanomita 480, na taa ya LED ya 3000K, yaani yenye mwanga wa kimanjano, ina buluu kidogo. Zidisha 200 kwa takriban 0.45, unabaki na luksi 90 za melanopiki, yaani mwanga uliopimwa kwa jinsi seli hizo zinavyouitikia, wakati pendekezo la wataalamu la mwaka 2022 ni angalau 250 mchana. Yaani chumba alichokiita chenye mwanga mwingi kina giza kwa kazi aliyoitaka. Tumia kanuni za kupima mwanga huo za CIE S 026 za mwaka 2018, za tume ya kimataifa ya mwanga, na uweke kwenye bajeti spektromita (kifaa kinachopima mwanga rangi kwa rangi) yenye cheti cha urekebishaji ambacho hakijapitwa na wakati. Simu ya mkononi si kipimo, tafadhali.

Kanuni hizo zimekokotolewa kwa jicho la mtu wa miaka 32. Uzeeni lenzi huwa ya njano na mboni hupungua, kwa hiyo mwanga uleule ukimfika mtu wa miaka 70, retina yake hupata sehemu tu ya kile anachopata kijana. Pima mtoto wa jicho kwa LOCS III, mfumo wa kupanga madaraja ya ukungu wa lenzi, na waliokwisha kubadilishiwa lenzi uwachambue kando. Ukiwachanganya, mpitiaji ataliona hilo kabla hajafika kwenye bajeti.

Idadi ya washiriki nayo huangusha wengi. Tuseme unatafuta tofauti ya uwezo wa kuona ya logMAR 0.1, yaani mstari mmoja wa chati ya kupimia macho, na mtawanyiko wa vipimo kati ya watu ni 0.2. Kwa nguvu ya asilimia 80, yaani uwezekano wa kuigundua tofauti hiyo kama ipo, kila kundi linahitaji watu wapatao 16 × (0.2 ÷ 0.1)², yaani 64. Wakiacha asilimia 15 njiani, andikisha 76. Na macho mawili ya mtu mmoja si watu wawili! Bado naona maandiko yanayohesabu macho 128 kana kwamba ni washiriki 128.

Hoja ambayo watu wetu huiacha mezani ni ikweta. Nairobi au Mwanza, urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, hivyo huna haja ya kutenganisha athari ya majira kama mwenzako wa Copenhagen. Mawingu ya masika, hata hivyo, yapime.

Kwenye bajeti, weka nauli ya msindikizaji. Mtu akitiwa tropicamide, dawa ya matone ya kupanua mboni, huona ukungu kwa saa 4 hadi 6, na mzee hawezi kuachwa apande daladala peke yake katika hali hiyo. Kipimo cha mwanga na mboni kifanyike kabla ya dawa. Weka pia fedha za rufaa, kwa sababu ukipima wazee utakuta presha ya macho ambayo wenyewe hawakuijua, na kamati ya maadili itataka jina la kliniki itakayowapokea. Kwa Tanzania kibali cha maadili kinapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na wenza wa kigeni wanahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kwa Kenya ni kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Viombe mapema, kwa kuwa wafadhili wengi hawaachii fedha mpaka vibali viwe mkononi.