Kitovu cha kiputo hakifiki ukutani

Unapoanza kuunda modeli ya kompyuta ya viputo vya hewa kwenye bomba la maji yenye msukosuko, usiamini kwamba seli ndogo (vipande vya gridi ambavyo programu huligawa bomba) daima huleta jibu bora. Karibu na ukuta, hasa kwenye modeli ambayo hewa na maji kila kimoja kina milinganyo yake, mazoea hayo yatakuponza.

Piga hesabu mwenyewe. Kani ya ukuta ya Antal (1991), inayosukuma viputo mbali na ukuta, mara nyingi hutumia kizidishi −0.01 + 0.05 d/y, ambapo d ni kipenyo cha kiputo na y ni umbali kutoka ukutani. Kiputo cha milimita 4 kikigusa ukuta, kitovu chake kiko milimita 2 kutoka hapo, na kizidishi ni 0.09. Sasa weka seli ya kwanza yenye unene wa milimita 0.1. Programu itasoma y katikati ya seli, yaani milimita 0.05, kizidishi kitaruka hadi 3.99: mara 44, tena mahali ambapo kitovu hakifiki mpaka kiputo kibonyee kama chapati! Ukizidi kusaga gridi, hewa inazidi kukimbia ukuta, na tatizo wala si fizikia. Weka kikomo: y isishuke chini ya nusu ya d. Angalia pia upande wa pili. Kani hiyo huisha kwenye 5d, yaani milimita 20, na kwa bomba la milimita 50 hapo umebakiza milimita 5 tu kufika katikati.

Washa kani moja moja. Anza na maji matupu, hakikisha kasi yake karibu na ukuta inafuata kanuni ya logi (inaongezeka kwa logi ya umbali kutoka ukutani), kisha ingiza hewa kidogo na ukinzani. Mtawanyiko wa msukosuko, unaosambaza viputo, uwepo kabla ya kani ya pembeni, inayovisukuma kukingama na mtiririko, la sivyo hewa yote itarundikana kwenye seli moja. Na hifadhi matokeo mara kwa mara. Umeme wa Dar hauagi.

Kwa kani ya pembeni wengi hutumia fomula ya Tomiyama (2002). Kwa hewa na maji, alama yake (chanya au hasi) hugeuka kwenye kipenyo cha takriban milimita 5.8: maji yakipanda, viputo vidogo huenda ukutani, vikubwa katikati. Kumbuka ilipimwa kwa kiputo kimoja kimoja ndani ya maji yenye gliserini, mtiririko ukiwa mtulivu.

Ukilinganisha modeli na jaribio halisi, usinakili mnato wa maji wa nyuzi 20 kutoka kitabuni. Maji ya tangi la juu ya paa huku Dar hufika nyuzi 30 kirahisi, na hapo mnato ni milipaskali-sekunde 0.80, si 1.00. Pima kwa kipimajoto. Tangi lisiwe na mabaki ya sabuni, maana sabuni huzuia viputo kuungana.

Mwisho, geuza mtiririko ushuke. Viputo vidogo vinapaswa kuhamia katikati. Vikiendelea kung'ang'ania ukuta, kagua alama ya tofauti ya kasi kati ya hewa na maji kabla hujagusa kizidishi chochote.