Saa yako ya kukimbilia inapima nini, na inakisia nini

Ninyi mliojiunga na kundi letu la kukimbia mwaka huu, wengi mmekuja na saa mkononi, na maswali yenu karibu yote yanahusu namba. "Kocha, VO2 max yangu, yaani namba ya uwezo wa pumzi, imeshuka kutoka 41 hadi 38, nimeharibu wapi?" "Mbona mapigo yangu yamefika 175 na wala sijachoka?" Ni maswali mazuri. Nayajibu hapa kwa urefu kwa sababu nimeona watu wakiacha mazoezi kwa kukatishwa tamaa na namba ambayo saa haikuipima kabisa.

Saa inapima vitu vichache: mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi, mtikisiko wa mkono, na mahali ulipo kwa GPS. Mengine yote, yaani uwezo wa pumzi, kalori, muda wa kupumzika na makisio ya muda wako wa marathoni, ni hesabu zilizojengwa juu ya hivyo vitatu pamoja na taarifa ulizoingiza mwenyewe siku uliyoiwasha. Kipimo kikikosewa au taarifa ikiwa si sahihi, kila kilichojengwa juu yake kinapinda.

Tuanze na mapigo ya moyo. Geuza saa uone taa za kijani. Damu hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo kila moyo unapopiga na damu kujaa kwenye mishipa midogo ya ngozi, mwanga unaorudi hupungua kidogo. Saa huhesabu kupanda na kushuka huko. Ukiwa umekaa au umelala, inafanya kazi vizuri sana. Ukianza kukimbia, mkono unarushwa, saa inacheza, mwanga wa nje unapenya pembeni, na damu yenyewe inasukwasukwa kwa kila hatua. Saa inabaki na kazi ya kutafuta mapigo ya moyo ndani ya kelele zote hizo.

Kosa linalowasumbua wageni kuliko yote ni saa kuhesabu hatua ikidhani ni mapigo. Wakimbiaji wengi hupiga hatua kati ya 160 na 180 kwa dakika, na hiyo ndiyo idadi ya mapigo ya mtu anayekimbia kwa nguvu. Saa ikishika mdundo wa miguu, haiuachii kirahisi. Utamwona mtu anavuka Daraja la Tanzanite taratibu, anamsimulia mwenzake habari za ada ya shule ya mtoto bila kukata sentensi, huku saa inaonyesha 172. Mtu mzima anayeongea hivyo hawezi kuwa karibu na kikomo cha moyo wake. Ukifika nyumbani, fungua programu ya simu uweke mchoro wa mapigo juu ya mchoro wa hatua. Mistari miwili ikitembea pamoja muda wote, usiamini mapigo ya siku hiyo.

Kuna njia ya kuhakiki isiyo na gharama. Simama, weka vidole viwili shingoni kando ya koromeo bila kukandamiza, hesabu mapigo kwa sekunde 10, zidisha mara 6. Anza kuhesabu papo hapo, maana mapigo hushuka haraka mno mara unapoacha kukimbia. Ukipata 132 na saa inasema 172, jibu unalo.

Mara nyingi dawa yake ni namna ya kuvaa. Ipandishe saa upana wa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, uikaze isicheze lakini isibane damu, na ukimbie polepole dakika kumi za mwanzo ngozi ipate joto. Mchoro wa tatuu ukiwa chini ya saa, hamishia mkono mwingine. Wengine mmeniuliza kama saa hizi zinafanya kazi kwenye ngozi nyeusi. Ni swali la haki, kwa sababu melanini nayo hufyonza mwanga wa kijani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha mwaka 2020 majaribio ya vifaa kadhaa kwa watu wa rangi mbalimbali za ngozi, na hawakuona tofauti ya maana kati yao kwenye mapigo. Kilichoongeza kosa kilikuwa mwendo.

Kwa mbio za vipande vifupi (unakimbia kwa nguvu, unapumzika, unarudia), au za kupanda mlima na kushuka, saa ya mkononi huchelewa: unamaliza kipande ndipo namba inapanda. Hapo nashauri mkanda wa kifuani, ambao husoma umeme wa moyo wenyewe. Teknolojia hii si ngeni. Kampuni ya Polar ya Finland ilikuwa na kipimo kisicho na waya tangu 1982. Lowesha sehemu za kugusa ngozi kabla ya kuvaa, la sivyo dakika za mwanzo zitakuwa ovyo. Kama bajeti haitoshi, endelea na saa uliyonayo, ila kwenye vipande hivyo jiongoze kwa kasi na pumzi, si kwa mapigo.

Kalori nazipita haraka. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Stanford kilijaribu vifaa saba kwa watu 60. Sita vilikosea mapigo kwa chini ya asilimia 5, matokeo mazuri. Kwenye kalori, kifaa bora kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya zaidi asilimia 93. Msipange chakula chenu kwa namba hiyo.

Sasa VO2 max, chanzo cha huzuni nyingi. Ni kiasi cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa dakika kwa kila kilo ya uzito, na hupimwa maabara, barakoa usoni, ukikimbia kwenye mashine mpaka ushindwe. Saa haina barakoa. Inachofanya ni kulinganisha kasi yako na mapigo yako: anayekwenda kasi kwa mapigo machache anahesabiwa kuwa na uwezo mkubwa. Ili hesabu ikamilike, saa inahitaji kujua kikomo cha mapigo yako, na usipoiambia, mara nyingi huchukua 220 ukatoa umri. Kanuni hiyo ni wastani wa watu wengi. Mtu mmoja mmoja hutofautiana nayo kwa mapigo 10 au zaidi, juu au chini.

Chukua mtu wa miaka 40. Saa inampa kikomo cha 180, lakini moyo wake kwa kweli hufika 195. Akikimbia kwa mapigo 150, saa inaona ametumia asilimia 83 ya uwezo, wakati kweli ni asilimia 77. Inamhesabu dhaifu kuliko alivyo, na itaendelea hivyo mpaka arekebishe namba hiyo moja. Ambaye kikomo chake kiko chini ya 180 atapewa sifa asizostahili. Kikomo halisi hupatikana kwa kupanda mlima kwa nguvu zote mara kadhaa ukiwa na mkanda. Mwenye presha, kisukari, maumivu ya kifua au aliyekaa miaka bila mazoezi asijaribu kabla ya kuonana na daktari. Na kama unatumia dawa za presha kama atenolol, zinazopunguza mapigo, namba zote hizi hazikufai. Usiache dawa ili saa ifurahi.

Halafu kuna hali ya hewa yetu. Joto la Dar la Januari hadi Machi hulazimisha moyo kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili upoe, kwa hiyo mapigo yanapanda hata ukikimbia kwa kasi ileile. Saa nyingi huandika kwamba umeshuka, na Julai zinakupongeza kwa kupanda. Mchanga wa Coco Beach nao hufanya vivyo hivyo, na pia hewa nyepesi ya Arusha ukitokea pwani. Linganisha Machi na Machi, lami na lami.

Hata namba ya kweli ya maabara haipangi nani atashinda. Wanariadha 16 wa kiwango cha dunia waliopimwa kabla ya jaribio la marathoni chini ya saa mbili huko Monza, Italia, mwaka 2017, walikuwa na wastani wa VO2 max wa 71, na walitofautiana waziwazi. Anayetumia oksijeni kidogo kwa kila kilomita anaweza kumpita mwenye VO2 max kubwa zaidi.

Kitu ambacho ningewaomba mkitazame kila siku ni mapigo ya kupumzika, yanayochukuliwa ukiwa usingizini, kwa sababu hapo saa iko kwenye ubora wake. Yakipanda ghafla na kubaki juu asubuhi mbili tatu, jiulize kuhusu usingizi, pombe, uchovu au homa inayoanza. Punguza mazoezi, na ukisikia baridi au viungo kuuma, kapime malaria.

Kwa uwezo wa pumzi tutatumia jaribio la Cooper la mwaka 1968: dakika 12, kiwanja cha mita 400, umbali wote unaouweza. Toa 504.9 kwenye mita ulizokimbia, gawanya kwa 44.73. Mizunguko sita kamili inakupa kama 42. Tutalifanya Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijawaka, na kulirudia kiwanja hichohicho kila baada ya wiki nane. Njooni mkiwa wawili wawili, mmoja akimbie na mwingine aandike mizunguko kwenye karatasi.